Choo cha Milango Miwili

Walimpa kiti cha peke yake, karibu na ukuta, upande ambao upepo ulitoka kwao kwenda kwake. Marashi alikuwa ameoga mara mbili, akajisugua kwa jiwe mpaka chini ya kucha, akavaa shati lile lile alilovaa mazishini siku nane zilizopita. Haikusaidia kitu. Mtu akishajua kuwa unapakua vyoo, pua yake itakunusa hata ukiwa umezama kwenye sabuni. Hilo jina la Marashi alipewa na watu wa mtaa huo huo. Siku walipompa walicheka mpaka wakashika mbavu, na miaka kumi na tisa baadaye walikuwepo ambao kicheko hakijawaisha.

Hakuja kukaa. Alikuja kuchukua kamba yake, ndoo mbili na mti wa kukorogea, vitu alivyoviacha nyuma ya choo siku ile shemeji yake alipokufa. Lakini alipoingia uani alikuta watu wamejaa, wengine juu ya vigoda, wengine na karanga mikononi, na Mzee wa Kanisa akamshika begani kwa ncha za vidole.

"Kaa, ndugu yangu. Leo wewe ndiye shahidi wetu."

"Shahidi wa nini, Mzee?"

"Kaa tu. Utasikia."

Ua ule ulikuwa na nyumba mbili zilizotazamana, zote urithi wa baba mmoja. Ya kulia alikaa kaka mkubwa, ambaye kila mtu alimwita Mzee wa Kanisa kwa sababu ndicho cheo chake na ndivyo alivyopenda kuitwa. Ya kushoto alikaa mdogo wake, Mwalimu, aliyefundisha kemia miaka thelathini na akaacha kusali siku alipomzika mkewe. Kila Jumamosi jioni, kwa miaka kumi na moja, ndugu hao walikaa katikati ya ua wakabishana kama Mungu yupo au hayupo, na mtaa mzima ukaja kusikiliza. Hakuna aliyewahi kushinda. Ukiwatazama vizuri ungeona kuwa hakuna aliyetaka kushinda, maana mchezo ungekwisha na watu wangerudi makwao.

Jioni hiyo mada ilikuwa shemeji yake Marashi.

Dada yake Marashi, mjane wa marehemu, alikuwa mstari wa mbele, kwenye mkeka, nguo nyeusi, macho chini. Mzee wa Kanisa alikuwa amemwita mwenyewe, akamwambia kutakuwa na maombi ya kumfariji. Marashi alimtazama, naye hakuinua uso. Siku ya tatu baada ya mazishi alikuwa amemuuliza kaka yake maswali matatu tu, wamesimama kando ya jiko.

"Ulishusha taa?"

"Niliishusha."

"Ikazimika?"

"Haikuzimika."

"Sasa mume wangu aliuawa na nini?"

Tangu hapo dada yake hakumsemesha tena. Alimsemesha kupitia watoto: mwambieni mjomba wenu chakula kipo, mwambieni mjomba wenu mvua inakuja. Mjomba alikula, akashukuru, akaenda kulala na lile swali tumboni.

Katika kazi yao taa ndiyo roho. Kabla mtu hajashuka shimoni, unafunga taa kwenye uzi, unaiteremsha polepole mpaka ikaribie uchafu, unasubiri. Ikizimika, hakuna hewa, hakuna kushuka. Ikiwaka, unamfunga mwenzako kamba chini ya makwapa na unamteremsha akakoroge na kujaza ndoo. Marashi hakuwahi kuiruka taa hata siku moja, hata mwenye nyumba akipiga kelele kwamba wanachelewa. Asubuhi ile aliiteremsha, ikawaka vizuri, moto haukutikisika. Shemeji yake akashuka. Alikoroga mara tatu. Mara ya nne akaita jina la Marashi, lile la kuzaliwa ambalo hakuna alitumiaye, na alipovutwa juu macho yalikuwa mekundu na povu limejaa mdomoni. Alikata roho mlangoni pa zahanati. Kwa hiyo ama taa ilidanganya, ama Marashi aliitazama vibaya, na taa haidanganyi. Ndivyo alivyojihukumu mwenyewe, usiku na mchana, bila kumshirikisha mtu.

Mtaa nao ulikuwa na hukumu zake. Pale pale kaburini, udongo bado mbichi, Mzee wa Kanisa alisema kuwa Mungu hadhihakiwi, kwamba mtu anayeingia kazini na pombe kichwani amejichimbia mwenyewe. Shemeji alikuwa amekunywa funda mbili asubuhi ile, kama anavyokunywa yeyote anayekwenda kusimama ndani ya mavi ya wenzake mpaka kifuani. Watoto watatu walikuwa wamesimama hapo wakisikia. Na nyuma ya waombolezaji, kwa sauti ya kutosha, Mwalimu alisema pombe haihusiki, huo ni uzembe, watu hawa hawapimi hewa, wanategemea bahati. Mmoja alimpa marehemu dhambi, mwingine akampa ujinga. Kisha wote wawili wakala wali wa matanga.

"Swali letu ni hili," alianza Mzee wa Kanisa, amesimama, mkono mmoja kifuani. "Kama hakuna Mungu, ni nani atakayehukumu? Mtu anaua, anakufa kitandani kwake, ameshiba. Mwingine anahangaika maisha yake yote, anafia shimoni. Kama hakuna hukumu huko mbele, hao wawili mwisho wao ni mmoja. Je, moyo wako unakubali?"

"Moyo wangu haukubali," alijibu Mwalimu bila kusimama. "Lakini moyo wangu kutokubali hakumleti Mungu. Nakuuliza wewe. Huyo hakimu wako alikuwa wapi asubuhi ile? Mbele yake kuna baba wa watoto watatu anashuka shimoni. Mbele yake kuna matapeli wangapi mtaa huu wanakunywa chai? Akamchagua nani? Hakimu wa namna hiyo hapa kwetu tungemfukuza kazi."

Watu wake wakacheka na kupiga makofi. Kijitu kimoja kifupi kikarusha ganda la karanga juu. Marashi aliona ganda likianguka karibu na mguu wa dada yake.

"Usimpime Mungu kwa rula yako ya darasani!"

"Basi nipe yako nipimie."

"Yangu ni hii: bila Mungu hakuna wema. Kuna faida tu. Nani atamwonea huruma mtu asiyeweza kumlipa?" Mzee wa Kanisa akageuka akamnyooshea kidole Marashi, na nyuso zote zikageuka pamoja na kidole. "Mtazameni huyu. Nani hapa amewahi kumpa mkono? Kazi yake inanuka, tusifichane. Lakini mimi, jioni ya kuamkia siku ile, nilisema na moyo wangu. Nilisema, hawa nao ni viumbe wa Mungu, kesho watashuka kwenye uchafu wetu, uchafu wa familia yangu. Niliona aibu. Nikachukua dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, galoni nzima, nikafungua mlango wangu wa choo nikaimimina yote, ili harufu ipungue, wasiteseke. Hakuna aliyeniona. Hakuna aliyenishukuru. Sasa niambieni, huruma hiyo ilitoka wapi kama si juu?"

"Amina!" walijibu wa upande wake.

Choo chenyewe kilikuwa nyuma ya ua, kibanda kimoja cha matofali chenye milango miwili. Baba yao alikijenga hivyo ili wanawe wasigombane. Kila mmoja alikuwa na mlango wake, ufunguo wake na tundu lake, lakini chini shimo lilikuwa moja. Ndugu hao waliweza kuzungumza saa tatu mfululizo juu ya asili ya dhambi, lakini katika miaka hiyo kumi na moja hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake kwamba bomba linavuja.

Mwalimu alikuwa anatabasamu. Alisimama sasa, akarekebisha miwani.

"Vizuri sana. Umejiponza mwenyewe, kaka. Maana mimi, nisiyesali, nisiyetarajia thawabu wala kuogopa moto, alfajiri ya siku ile ile niliamka mapema. Nilijua uchafu wa upande wangu umeganda, utawachosha. Nikafungua mlango wangu, nikamimina lita tano za asidi, ile ya kusafishia masinki, ili ulainike. Hakuna malaika aliyenituma. Ilikuwa akili tu, na utu. Kwa hiyo wema..."

Hakuendelea. Watu wake walianza kupiga makofi, maana walidhani amemaliza, na kwa kawaida hapo ndipo alipoinamisha kichwa kidogo kama mtu anayepokea zawadi. Safari hii hakuinamisha. Alikuwa anatazama kule nyuma, kwenye kile kibanda, na midomo yake ilisogea bila sauti. Kisha akavua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Tuendelee," alisema. "Tuingie kwenye jambo lingine. Tuzungumzie, kwa mfano, suala la hiari."

Marashi aliuona uso ule. Hakusoma kemia, lakini amevuta watu kutoka shimoni na anajua uso wa mtu aliyekanyaga pasipo na chini. Akakumbuka kitu ambacho hakukisema kwa mtu yeyote, kwa sababu kilionekana cha kipuuzi. Akasimama.

"Mwalimu."

Hakuna aliyetegemea shahidi aseme. Mzee wa Kanisa alimwashiria akae, naye akabaki wima.

"Dawa ya nguo na asidi. Vikikutana inakuwaje?"

"Ndugu, hapa si darasani."

"Vikikutana, Mwalimu?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Kiasi. Joto. Mambo mengi. Huwezi kuelewa."

"Asubuhi ile nilinusa nguo safi," alisema Marashi. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo; tangu siku ile alikuwa anakohoa. "Ndani ya choo. Miaka kumi na tisa sijawahi kunusa nguo safi ndani ya choo. Nilidhani nimechanganyikiwa. Taa ilikuwa inawaka. Alikoroga mara tatu, ndipo harufu ikaja, ikanikaba na mimi nilikuwa juu. Yeye alikuwa chini."

Dada yake aliinua kichwa. Alisimama polepole, akishika goti, akapita katikati ya wanawake mpaka mbele ya Mwalimu. Alikuwa mfupi kuliko wengi walivyodhani.

"Baba," alimwambia, "mimi sikusoma. Nijibu mimi."

Mwalimu akatazama pembeni.

"Vikichanganyika vinatoa nini?"

"Hewa."

"Hewa gani?"

"Hewa kali. Inachoma mapafu."

"Inaua?"

Mwalimu alijibu akitazama viatu vyake.

"Inaua. Kila kimoja kilikaa upande wake, juu ya uchafu ulioganda. Mpaka alipokoroga."

"Taa inazimika?"

"Hapana," alisema Mwalimu. "Taa haiwezi kuijua hewa hiyo. Hata mimi ningeshika taa ile ningemwambia ashuke."

Marashi akashika ukuta. Siku tisa alikuwa amebeba maiti mbili, ya shemeji na yake, na moja ilikuwa imeteremshwa sasa hivi na mtu ambaye dakika tano kabla alitaka kuzungumzia hiari. Alitaka kulia lakini hakutaka walie pamoja naye. Aliwachukia. Aliwachukia kwa nguo zao za Jumamosi na karanga zao na vile walivyonyamaza sasa kwa utamu, wakisubiri ubishi utaelekea wapi.

Nao ulielekea mahali.

"Lakini mimi nilimimina kwa nia njema," alisema Mzee wa Kanisa. Alikuwa amekaa ghafla. Uso wake ulikuwa wa majivu, na kwa dakika moja, Mungu amsamehe msimuliaji, ulitia huruma.

"Na mimi kwa nia njema," alisema Mwalimu.

"Hukuniambia."

"Na wewe hukuniambia."

"Ningejuaje?"

"Usingejua. Na mimi nisingejua." Mwalimu alivuta pumzi, na sauti yake ya darasani ikaanza kurudi, kwanza kidogo, kisha yote. "Hapo ndipo penyewe. Mtu asiyekusudia ubaya hana hatia ya kimaadili. Hilo halihitaji Mungu wala kumkana."

"Mungu huangalia moyo," alisema Mzee wa Kanisa, akisimama. "Na mioyo yetu ilikuwa safi."

"Basi tunakubaliana."

"Tunakubaliana, mdogo wangu!"

Mnong'ono ukapita uani. Miaka kumi na moja! Mzee wa Kanisa akafungua mikono, Mwalimu akasita, kisha akaingia ndani ya mikono hiyo, na ndugu wawili wakakumbatiana katikati ya ua wakilia kwa sauti. Watu wakasimama. Makofi yakaanza upande wa kanisa, yakapokelewa upande wa pili, mwisho hukujua upande ni upi. Mama mmoja akapiga kigelegele. Yule mfupi wa karanga akafuta machozi akasema, "Jamani, marehemu hakufa bure. Ametupatanishia hawa wazee," na waliokuwa karibu wakaitikia kwamba kweli, kweli kabisa.

Hakuna aliyemgusa mjane. Alikuwa amesimama pale pale mbele, hatua mbili kutoka kwa wale waliokumbatiana, na watu walinyoosha shingo kupita pembeni yake ili waone vizuri.

Marashi alisogea mpaka kwao. Watu walimpisha, kama wanavyompisha siku zote.

"Mzee," alisema. "Kaburini ulisema ni pombe. Watoto walikusikia. Sema hapa kwamba si pombe."

Mzee wa Kanisa alimtazama juu ya bega la mdogo wake, macho yamevimba kwa furaha na majonzi, mchanganyiko ambao Marashi hakuwahi kuuona hata shimoni.

"Ndugu yangu, huu si wakati wa lawama. Huoni Bwana alichokitenda?"

"Na wewe, Mwalimu. Ulisema hatupimi."

"Nimeshaeleza," alisema Mwalimu kwa upole, kama anayemjibu mwanafunzi mzito. "Kila mtu amesikia. Tusirudi nyuma." Kisha akakumbuka jambo, akajitoa kidogo kwenye kumbatio. "Ila lile shimo bado limejaa nusu. Hewa sasa itakuwa imeisha, siku tisa. Utakuja lini kumalizia?"

Dada yake Marashi ndiye aliyejibu, lakini hakumjibu Mwalimu.

"Kaka," alisema. "Twende nyumbani."

Walitoka wakiacha kamba, ndoo na mti wa kukorogea kule nyuma. Walipita mbele ya nyumba ya kulia, wakapita mbele ya nyumba ya kushoto, na nyuma yao mtu alianzisha wimbo wa shukrani, na kwa mshangao wa wote sauti ya Mwalimu ilisikika ndani yake ikitafuta maneno.

Njia ya kwenda kwao ilipita kando ya ukuta mrefu wa karakana. Marashi alikuwa anatembea mbele. Alifika katikati ya ukuta, akasimama, akaweka kiganja kwenye tofali. Amewahi kula mkate akiwa ameketi ukingoni mwa shimo, miguu inaning'inia ndani. Amewahi kutoa humo mbwa aliyeoza, na nywele, na kitu ambacho alikifunga kwenye gunia bila kukitazama mara mbili akakizika kwa heshima. Hakutapika hata siku moja. Sasa aliinama ukutani akatapika, akatapika tena, mpaka kikabaki kile cha kijani kichungu, na alipofikiria lile kumbatio akatapika na hicho.

Dada yake alimshika mgongo. Alingoja mpaka mgongo ulipotulia.

"Kabla hajashuka," aliuliza, "alisema nini?"

Marashi alifuta mdomo kwa kiwiko cha shati la mazishi. Alitamani kuwa na neno zuri la kumpa.

"Alisema chumvi imeisha nyumbani. Nimkumbushe tukirudi."

"Ilikuwa imeisha kweli," alisema dada yake. "Siku hiyo niliazima kwa jirani."

Watu walikuwa wanarudi kutoka uani sasa, wawili wawili, wakisimuliana, na walipofika kwenye ule ukuta walivuka upande wa pili wa njia wakibana pua. Dada yake alichuchumaa. Alikusanya udongo kwa viganja vyote viwili, ule laini wa kando ya ukuta, akaumwaga juu ya matapishi ya kaka yake. Akakusanya tena. Alifukia bila haraka, akishindilia kingo kwa upande wa mkono, mpaka kukawa na kichuguu kidogo kikavu, naye akaendelea kuongeza udongo.